VITAMINI C NA TEZI ZA JUU YA MAFIGO
Tusinunue nguvu ndani ya kopo

Ndugu zetu mliolazwa hapa, na ninyi wa kanisa mnaosoma kitabu hiki nyumbani: someni polepole, na asiyejua kusoma asomewe.

Siku hizi fundisho jipya linatembea masokoni, katika farmasi ndogo za kando ya njia, na ndani ya simu za vijana wetu. Linasema kwamba mtu akiamka amechoka, na magoti yake yakilegea mchana, sababu ni tezi zake za juu ya mafigo: zimechoka. Tena linasema kwamba dawa yake ni vitamini C nyingi, gramu moja au mbili au zaidi kila siku, mpaka tezi zipate nguvu tena.

Nataka kusema wazi ninavyofikiri. Fundisho hili ni nusu ya kweli. Na nusu ya kweli hupoteza watu wengi kuliko uongo mtupu, maana uongo mtupu hujulikana upesi. Mama anauza kuku wake ili anunue kopo la vidonge, na damu yake inaendelea kupungua. Baba anatafuna vidonge miezi mitatu, na kifua kikuu kinaendelea kumla. Kwa ajili ya watu hao ninaandika.

Tezi hizi ni nini?

Kila mtu ana mafigo mawili mgongoni, chini ya mbavu. Juu ya kila figo kuna tezi moja ndogo, kama kofia juu ya kichwa. Uzito wake ni gramu 4 au 5 tu, lakini kazi yake ni kubwa.

Sehemu ya ndani hutengeneza adrenalini. Ukikutana na nyoka njiani, moyo wako unapiga mbio na miguu yako inapata nguvu ya kuruka: hiyo ni kazi ya adrenalini. Sehemu ya nje hutengeneza kortizoli, ambayo husaidia mwili kuvumilia ugonjwa, njaa na majeraha, na kushika sukari ya damu isishuke mno. Hutengeneza pia kitu kingine kiitwacho aldosteroni, kinacholinda chumvi ya mwili na presha ya damu. Mtu asiye na tezi hizi, wala dawa ya kushika nafasi yake, hawezi kuishi.

Ukweli uliomo katika fundisho hili

Tusiwe watu wa kukataa yote. Ni kweli kwamba tezi hizi zina vitamini C nyingi kupita karibu viungo vyote vya mwili. Mwili huitumia vitamini hiyo katika kutengeneza adrenalini. Hata vitamini C yenyewe ilitolewa mara ya kwanza katika tezi hizi. Mwaka 1928 mwalimu mmoja wa Hungaria, Albert Szent-Györgyi, alitoa katika tezi za ng'ombe unga mweupe ambao hakuna aliyeujua. Baadaye, kwao katika mji wa Szeged, aliupata kwa wingi katika pilipili nyekundu, ikaonekana kwamba ndiyo vitamini C. Mwaka 1937 akapewa zawadi ya Nobel.

Ni kweli pia kwamba mtu asiyepata vitamini C hata kidogo huugua. Ugonjwa huo huitwa kiseyeye. Ufizi huvimba na kutoa damu, meno hulegea, vidonda vya zamani hufunguka, na mwisho mtu hufa. Mabaharia wa zamani waliuogopa kuliko dhoruba. Watu wa Vasco da Gama walipovuka bahari kutoka Uhindi mwaka 1498, walikaa karibu miezi mitatu bila matunda wala majani mabichi, na watu wapata 30 wakafa. Walipofika Malindi, katika pwani ya Waswahili, mwezi wa Januari 1499, jambo moja waliloomba kwa ajili ya wagonjwa wao lilikuwa machungwa. Mwaka 1747 mganga wa meli wa Uingereza, James Lind, aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, akawagawa wawili wawili, kila wawili na dawa yao. Wawili waliopewa machungwa mawili na limao moja kila siku ndio waliopona upesi.

Wanyama wengi hujitengenezea vitamini C ndani ya mwili. Mbuzi hahitaji chungwa. Lakini mwanadamu hawezi, sokwe hawezi, na wale kobayi wanaofugwa ndani ya majiko huko Kivu hawawezi. Sisi lazima tuile.

Basi, mpaka hapo fundisho la sokoni linasema kweli. Sasa tuangalie linapopotoka.

Linapopotoka

Kwanza, kitu kinachohitajiwa na kiungo si lazima kiwe dawa ya kiungo hicho kwa wingi wowote. Taa inahitaji mafuta. Ukiijaza mpaka mafuta yanamwagika mezani, haitoi mwanga zaidi. Unapoteza mafuta tu, na huenda ukaichoma nyumba. Mwili nao una kipimo chake. Shirika la Afya la Ulimwengu linasema mtu mzima anahitaji miligramu 45 za vitamini C kwa siku, mama mjamzito 55, mama anayenyonyesha 70. Miligramu 10 tu kwa siku zinatosha kuzuia kiseyeye. Kidonge kimoja cha farmasi mara nyingi kina miligramu 500, yaani kipimo cha siku 11. Mtu akinywa gramu nzima na kupita hapo, tumbo hupokea chini ya nusu ya alichomeza. Na kile kinachoingia katika damu bila kuhitajiwa hupita kwenye mafigo na kwenda chooni. Ndugu, fikiri vizuri: fedha ya kuku wako inakwenda wapi?

Pili, ule ugonjwa wa "tezi zilizochoka" haupo. Jina hilo lilianzishwa Marekani mwaka 1998 na mtu aliyeandika juu ya mambo hayo na kutoa kitabu. Mwaka 2016 waganga wawili wa Brazili, Cadegiani na Kater, walikusanya uchunguzi 58 uliofanywa juu ya jambo hili, wakaupima mmoja mmoja. Hawakuona uthibitisho kwamba ugonjwa huo upo. Tezi za mtu aliyechoka kwa kazi, kwa huzuni au kwa kukosa usingizi hazipungukiwi. Zinafanya kazi yake. Uchovu wake ni wa kweli kabisa, mtu asimdharau. Lakini unatoka mahali pengine.

Tatu, vitamini C nyingi si maji matupu. Huleta kuhara na maumivu ya tumbo. Huongeza hatari ya mawe katika mafigo: uchunguzi uliotolewa Uswidi mwaka 2013 ulionyesha kwamba wanaume waliokunywa vidonge hivyo walipata mawe karibu mara mbili kuliko wasiokunywa. Tena wengi kwetu wamezaliwa na upungufu wa kitu kiitwacho G6PD katika damu, na hao wakipigwa sindano kubwa za vitamini C, damu yao inaweza kuvunjika. Hata wagonjwa mahututi hawakufaidika. Mwaka 2022 yalitolewa matokeo ya jaribio kubwa la sindano za vitamini C kwa watu wenye maambukizo makali ya mwili mzima. Miongoni mwa waliopewa, waliokufa au kubaki na viungo vilivyoshindwa kazi walikuwa wengi kuliko miongoni mwa wasiopewa. Basi yule anayekuambia kwamba sindano ya vitamini C "haiwezi kudhuru", usimsikilize.

Ugonjwa wa kweli wa tezi hizi

Nimesema ugonjwa wa uchovu wa tezi haupo. Lakini kuna ugonjwa wa kuharibika kwa tezi, nao ni wa kweli, na ni wa hatari. Mwaka 1855 mganga wa London, Thomas Addison, aliuandika katika kitabu chake, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Katika wagonjwa aliowaeleza, wengi walikuwa na tezi zilizoharibiwa na kifua kikuu. Katika nchi zetu kifua kikuu bado ni mojawapo ya sababu zake.

Dalili zake ni hizi:

1. Uchovu unaozidi wiki kwa wiki, usioondoka kwa kulala.
2. Mwili kukonda, hamu ya chakula kupotea, kutapika.
3. Kizunguzungu mtu anaposimama, maana presha imeshuka.
4. Kutamani chumvi sana.
5. Ngozi kuwa nyeusi kuliko kawaida. Kwetu watu weusi jambo hili halionekani upesi usoni. Angalia ufizi, ulimi, mistari ya viganja, na makovu mapya.

Mtu mwenye dalili hizi asipeleke fedha yake kwa muuza vitamini. Aje hospitali siku hiyo hiyo. Atapimwa damu, atapimwa kifua kikuu, na ikionekana ni ugonjwa huu, atapewa hidrokortizoni, dawa inayoshika nafasi ya tezi zake, nayo atainywa maisha yake yote. Wengi wanaishi nayo, wanalima na kulea watoto. Lakini vitamini C, hata ukimpa gunia, haiwezi kuwa kortizoli.

Kuna jambo linalonifundisha sana katika habari hizi. Mwaka 1933, huko Uswisi, Tadeus Reichstein alipata njia ya kutengeneza vitamini C kwa wingi na kwa bei ndogo, nayo njia hiyo ndiyo iliyojaza vidonge duniani. Mtu huyo huyo alichunguza vitu vinavyotengenezwa na sehemu ya nje ya tezi hizi, na kwa kazi hiyo ya pili alipewa zawadi ya Nobel mwaka 1950, pamoja na Kendall na Hench wa Marekani. Tazama: mtu aliyeijua vitamini C kuliko sisi sote, tena aliyezijua tezi hizi, ilimpasa kufanya kazi mbili, kwa vitu viwili mbalimbali. Kama kimoja kingetosha mahali pa kingine, asingejisumbua.

Wale wanaozilaza tezi zao wenyewe

Sasa nifike kwenye jambo linaloniumiza zaidi. Katika miji yetu, Kinshasa na penginepo, kuna wanaomeza vidonge vya deksametazoni ili wanenepe, mashavu yajae na watu wawasifu. Wengine huchanganya na vidonge vya kuongeza hamu ya chakula. Vidonge hivi huuzwa sokoni kama karanga.

Deksametazoni ni dawa ya jamii ya kortizoli, tena yenye nguvu nyingi. Mganga akiitoa kwa sababu, ni dawa njema. Lakini mtu akiinywa wiki nyingi, mwili unaona kwamba kortizoli imejaa, na tezi zinaacha kazi. Zinalala. Zinanywea. Siku fedha inapokwisha na mtu anaacha vidonge ghafula, hana kortizoli ya nje wala ya ndani. Analegea, anatapika, presha inaanguka. Akipata malaria au ajali wakati huo, anaweza kufa. Ndipo jirani anakuja na shauri lake: tezi zako zimechoka, kunywa vitamini C! Hapo shauri hilo si upotevu wa fedha tu. Ni upotevu wa saa ambazo zingemwokoa mtu.

Wasichana wetu, sikieni. Unene wa deksametazoni si afya. Ni maji na mafuta yaliyowekwa usoni na tumboni, huku mikono na mapaja yanapoteza nguvu, mifupa inakuwa laini, na sukari ya damu inapanda. Wakwe wanaotaka mashavu manene waambiwe hivyo pia.

Na wewe unayekunywa prednisoloni kwa agizo la mganga, kwa ajili ya pumu au kwa ajili ya mishipa inayouma katika ukoma, usiogope, wala usiiache kwa kusoma maneno haya. Shika mambo matatu: usiache ghafula hata siku moja; upunguze kama mganga anavyokuonyesha; na ukienda hospitali nyingine, sema mapema kwamba unakunywa dawa hiyo. Mwenye kumeza deksametazoni kwa siri, vivyo hivyo: usiache peke yako. Njoo useme. Hatutakufukuza wala hatutatangaza habari zako kanisani.

Basi uchovu unatoka wapi?

Uchovu ni kama moshi. Anayepepea moshi kwa kikapu hajazima moto. Tafuta moto uko wapi.

Kwetu mara nyingi ni malaria inayorudi rudi. Ni safura, minyoo inayonyonya damu, inayoingia kwa miguu isiyo na viatu. Ni upungufu wa damu wa mama aliyezaa watoto karibu karibu. Ni kifua kikuu. Ni virusi vya Ukimwi. Ni ugonjwa wa sukari. Kwa mtoto, pengine ni anemia ya seli mundu. Mambo haya yote hupimwa, na yote yana matunzo.

Tena kuna uchovu usioonekana katika darubini. Mtu aliyekimbia kijiji chake usiku kwa sababu ya vita, aliyezika mtoto, anayelala chini ya turubai, huyo akichoka si ajabu. Nabii Eliya alipochoka mpaka akaomba kufa, alipewa usingizi na chakula, kisha akalala na kula tena, kabla ya kuambiwa neno lolote la kazi. Mtu huyo anahitaji kulala, kula, na mtu wa kumsikiliza. Wazee wa kanisa, hiyo ni kazi yenu kuliko ya farmasi.

Lakini wengine watasema: Muuguzi, mimi nilikunywa vidonge vile nikapata nguvu. Sikukatazi kusema hivyo. Huenda ulikuwa huli matunda kabisa, maana uchovu ni mojawapo ya dalili za kwanza za kukosa vitamini C. Kama ndivyo, ulichokosa ni chakula, na mapera yangekuponya vilevile. Au huenda malaria yako ilikuwa inakwisha yenyewe siku zile. Mtu akiwika pamoja na jogoo, asidhani yeye ndiye aliyeleta asubuhi.

Tuipate wapi vitamini C?

Tuipate mahali ilipowekwa. Pera moja lina kama miligramu 120, zaidi ya mahitaji ya siku mbili. Chungwa moja lina kama 70. Papai, embe, nanasi, limao, nyanya na pilipili vyote vinayo. Hakuna mtoto wa kijiji anayehitaji kununua kopo wakati mapera yanaoza chini ya mti.

Lakini tujue kuitunza. Vitamini C huharibika kwa moto mrefu, kwa maji mengi, na kwa kukaa. Lengalenga na matembele yasipikwe kwa muda mrefu, wala maji yake yasimwagwe. Sombe ni jambo jingine. Jani bichi la muhogo lina vitamini C nyingi, lakini lina sumu pia, kwa hiyo lazima lipondwe vizuri na kupikwa sana. Msipunguze moto wa sombe kwa ajili ya vitamini! Pikeni kama mama zenu walivyowafundisha, kisha kuleni tunda bichi baadaye.

Na hapa kuna faida ambayo wengi hawaijui. Tunda lililoliwa pamoja na maharagi na majani ya mboga husaidia tumbo kupokea chuma kilichomo, na chuma ndicho kinachojenga damu. Kwa hiyo mama aliyechoka kwa kupungukiwa damu husaidiwa na chungwa, na njia yenyewe ni sahani yake na damu yake; tezi za mafigo hazimo. Chai iliyokolea, kwa upande wake, huzuia chuma. Anywe chai saa nyingine, si pamoja na chakula.

Je, vidonge vya vitamini C havina kazi? Vina kazi. Mgonjwa asiyeweza kula, mtu mwenye kiseyeye, mtu wa kambini asiyepata mboga wala tunda, hao tutawapa, kwa kipimo na kwa siku zilizohesabiwa. Ninachokataa ni kumuuzia maskini kopo kila mwezi kwa jina la ugonjwa usiokuwapo.

Mambo ya kushika

Uchovu ukizidi wiki mbili, njoo upimwe kabla ya kununua kitu chochote. Ukikonda, ukitoka jasho usiku, ukikohoa, usingoje hata wiki hizo mbili. Usinunue deksametazoni sokoni, wala usimnunulie binti yako. Usiiache ghafula kama umekwisha kuizoea. Mpe kila mtoto tunda bichi kila siku.

Na mwenye shamba, mwaka huu panda mpera mmoja karibu na jiko. Ukishazaa, watoto wako watakula bila kuuliza bei, na yule muuza makopo akipita, atapita.